Mpakato Usiopakatika

Nimekuwa kimya wiki kadhaa na baadhi yenu mmeuliza nimepotelea wapi. Sijapotea. Nilikuwa nauza kompyuta moja ili ninunue nyingine, na kwa kipato cha mwandishi wa mkoani hilo si jambo la siku mbili.

Hivi nani alitupatia neno hili "kompyuta mpakato"? Simjui ila nampa heko. Unaipakata kompyuta kama unavyompakata mtoto, juu ya mapaja, unafanya kazi yako taratibu. Sasa jaribuni kuipakata ile niliyokuwa nayo mimi ikiwa imewasha gemu. Mapaja yangu ni shahidi.

Nilipomaliza chuo na kupata kazi, fedha yangu ya kwanza ya maana niliipeleka Kariakoo. Nikarudi na kompyuta ya gemu ya inchi 15.6, kilo mbili na nusu bila chaja, na chaja yenyewe ya wati 230 inayofanana na tofali kwa umbo na kwa uzito. Vitufe vyake vinawaka taa nyekundu. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hii ni mnyama." Alisema kweli, maana mnyama lazima alishwe, na huyu chakula chake ni umeme.

Dar es Salaam sikuona tatizo. Mezani, karibu na soketi, ilikuwa raha mustarehe. Kisha nikaletwa Singida.

Siku moja nilikwenda Ikungi kwenye kikao. Umeme ukakatika asubuhi kabla hata hoja ya kwanza haijaisha. Mnyama wangu alikuwa na chaji kamili, nami nilikuwa naandika tu, sichezi chochote. Saa moja na dakika chache baadaye kioo kikawa cheusi. Habari yenyewe ilikuwa ya kisima cha kijiji kimoja kilichoharibika, na mama mmoja wa huko alikuwa amenipa maelezo yote, hadi saa anayoamka kwenda kutafuta maji. Nikaanza upya kuandika kwenye simu kwa vidole gumba viwili. Nilipotuma, mhariri akanijibu maneno mawili: "Ukurasa umefungwa." Kesho yake kulikuwa na habari nyingine kubwa, keshokutwa nyingine, na ile ya kisima haikutoka kabisa. Yule mama alinipigia wiki nzima. "Mwanangu, itatoka lini?" Nikawa namjibu "Karibuni, mama" hadi nikaona aibu kupokea simu yake.

Siku hiyo ndipo nilipoamua kuuza mnyama.

Najua baadhi yenu mtasema nunua kompyuta ya kawaida, achana na gemu, wewe ni mtu mzima. Hata jirani yangu hapa, mzee wangu wa heshima, nikimwamkia "Shikamoo baba" hunijibu "Marahaba" na papo hapo huuliza kama bado "nacheza mpira wa kwenye kioo". Namjibu ndiyo, bado nacheza. Naishi na mdogo wangu aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu. Tangu baba afariki mwaka 2021, maongezi yetu marefu kuliko yote tumeyafanya tukiwa tunatazama mpira huo wa kwenye kioo, si tukitazamana. Mambo ambayo dogo hawezi kuniambia mezani huniambia nikiwa nimefungwa mbili bila. Siwezi kuuza hilo ili nipate wepesi wa begi. Kwa hiyo nilitaka mashine moja, ndogo, inayofanya yote mawili.

Hapo ndipo niligundua kwamba vijana wenzangu, mimi nikiwamo, tunauliza swali lisilo sahihi dukani. Swali letu ni moja tu: "Ni i7?" Tukijibiwa ndiyo, tunatoa fedha. Jamani, i7 ni jina la daraja, na kila mwaka lina darasa lake. Core i7-4600U ya mwaka 2013 ina kiini mbili. Core i5-8250U ya mwaka 2017 ina nne na inaiacha mbali ile i7. Tena Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inaanzia Intel za kizazi cha nane. Hiyo "i7 safi kutoka Ulaya" unayopewa kwa bei ya kutupwa inaweza kuwa imetupwa kweli.

Kwa wenye gemu ugonjwa ni ule ule, ila jina limebadilika. Wao huuliza, "Ina RTX?" Mdogo wangu ni wa dhehebu hilo. Nikamwonyesha jambo ambalo hakulijua: RTX 4060 ya kompyuta mpakato, kwa vipimo vya NVIDIA wenyewe, inaweza kupewa na mtengenezaji wa kompyuta wati 35 au hata 115. Jina moja, stika moja, lakini moja inakula zaidi ya mara tatu ya mwenzake, na kazi zao hazifanani. Kwa nini wafanye hivyo? Kwa sababu karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka kama joto. Wati 115 za kadi ya michoro, ongeza za prosesa, zote zinatafuta mlango wa kutokea. Ukiwa na bodi kubwa yenye feni mbili nene, joto linapata njia. Ukiwa na bodi nyembamba, ama unapunguza wati, ama feni zinapiga kelele kama mashine ya kukamua alizeti, ama prosesa inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Uwembamba una bei, na usipoilipa kwa fedha utailipa kwa joto au kwa kasi.

Inawezekana kutengeneza ndogo yenye nguvu, sikatai. Mwaka 2020 Asus walitoa ROG Zephyrus G14, inchi 14, kilo kama 1.6, ndani ina Ryzen 9 na RTX 2060. Wengi waliona ni muujiza. Lakini toleo hilo la 2020 halikuwa na kamera! Mwaka ule ule ambao dunia nzima ilihamia kwenye mikutano ya mtandaoni. Waliweka kamera baadaye. Nzuri sana, na ningekuwa na fedha ningeitafuta ya toleo la mbele. Sina. Kuna MacBook Air ya M1 nayo, ya mwaka 2020 pia, haina feni hata moja, inakaa na chaji muda mrefu, ila gemu tunazocheza mimi na dogo nyingi hazipo upande huo. Dogo akapendekeza Steam Deck, ile ya kushika mkononi ya Valve iliyotoka 2022. Nikamuuliza habari za kikao nitaziandikia kwenye vidubwasha vyake vya kuchezea? Akacheka, tukaendelea.

Kilichonipa jibu mwisho wa yote si duka wala video za wazungu, ni inveta yangu ya nyumbani. Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 nilijichanga nikafunga paneli, betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 100, na inveta ya wati 300. Pigeni hesabu pamoja nami. Betri hiyo ina wati-saa 1,200. Ukiwa muungwana kwa betri yako hutumii zaidi ya nusu, zimebaki 600. Kompyuta inayovuta wati 200 inazimaliza kwa saa tatu. Inayovuta 65 inakwenda saa tisa. Hiyo ni hesabu ya karatasi, inveta nayo hula chake, lakini tofauti mnaiona. Nikiwasha mnyama, taa na televisheni kwa pamoja, inveta ilipiga filimbi na kuzima kila kitu. Nyumba nzima giza kwa ajili ya goli moja la dogo.

Basi nikajiwekea masharti: ichajiwe kwa waya wa USB-C wa wati 65, isizidi kilo moja na nusu, iwe na nafasi mbili za RAM, na michoro ishughulikiwe ndani ya prosesa yenyewe badala ya kadi ya pembeni. Hili la RAM nalitilia mkazo kwa sababu wauzaji wengi hawalisemi. Kompyuta isiyo na kadi yake ya michoro inaazima kumbukumbu ya RAM kwa kazi hiyo. Ukiweka kijiti kimoja, barabara ni ya njia moja. Ukiweka viwili, upana unakuwa mara mbili, na kwenye gemu utaiona tofauti hiyo kwa macho.

Nilichopata ni HP EliteBook 845 G8, ya mwaka 2021, iliyotumika, inchi 14, prosesa Ryzen 5 PRO 5650U yenye viini sita. Ni kompyuta ya maofisini, haina taa nyekundu wala mchoro wa joka. Hakuna atakayekwambia ni mnyama. Ukiiweka mezani kwenye kikao unafanana na mhasibu. Kabla ya kulipa nilifungua dirisha la amri nikaandika powercfg /batteryreport. Windows inakutolea ripoti ya betri: ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na kiasi gani. Yangu ilizaliwa na wati-saa 53, ikabaki na kama 42. Muuzaji alinitazama kama polisi wa usalama barabarani, lakini alishusha bei. Wadau, msilipe kabla ya kuiona ripoti hiyo. Haichukui dakika moja.

Ilikuja na kijiti kimoja cha RAM cha GB 8. Jioni ya kwanza tuliwasha FIFA 23, ikawa inakwama kila mpira unapokaribia goli. Dogo hakusema neno, alinitazama tu kwa ile huruma ya mtu aliyekuonya. Nikanunua kijiti cha pili, nikafungua skrubu za chini, nikakichomeka. Kwa mipangilio ya chini ya picha, mpira ukatiririka. GTA V nayo inakwenda vizuri tu. Tulijaribu Cyberpunk 2077 kwa ujeuri, ikatuonyesha slaidi kama za semina. Hapo dogo ana hoja na nakiri: gemu nyingi kubwa zinazotoka sasa hazitaingia humu. Kama wewe huhami, una meza yako na umeme wa uhakika, usinifuate mimi. Lakini basi nunua kompyuta ya mezani kabisa, kwa fedha ile ile itakuwa na nguvu zaidi. Ile nyama nene ya inchi 15.6 ni kompyuta ya mezani iliyovalishwa nguo za safari.

Jambo jingine ni ukubwa wa mafaili. GTA V peke yake inataka zaidi ya GB 100. Ukiishusha kwa kifurushi cha simu utauza kuku wote wa nyumbani. Sisi tulishusha kwa rafiki mwenye intaneti ya waya mjini, usiku kucha, tukabeba kwenye diski ya nje.

Na vumbi. Mwenye kuujua upepo wa Singida wakati wa kiangazi anajua nazungumzia nini. Feni za yule mnyama niliwahi kuzifungua nikakuta zimevaa blanketi jekundu. Hii mpya ina feni moja tu, nayo naisafisha kwa brashi ya rangi kila mwisho wa mwezi. Ukiona kompyuta yako imeanza kuwa nzito kwenye gemu ulizozizoea, kabla hujamlaumu aliyekuuzia, fungua uangalie.

Wiki iliyopita nilirudi Ikungi. Begi ni jepesi hadi dereva wa bodaboda aliuliza kama leo sijabeba vyombo vya kazi. Umeme ulikatika tena, kama saa tano hivi. Niliandika kikao chote kwa betri, nikatuma nikiwa bado nimekaa kitini, nikabaki na asilimia zaidi ya hamsini. Nikitoka pale nilipita kule kijijini. Kisima bado hakijatengenezwa. Yule mama alinikaribisha, akanipa kigoda, akaniuliza, "Safari hii umekuja na ile mashine inayozimika?" Nikaipakata mapajani, nikaifungua, nikamwambia, "Mama, anza mwanzo."

Habari imetumwa jana. Mhariri bado hajajibu. Naishia hapa, maana dogo amesimama mlangoni na padi mbili mkononi.