Kirusi hakiulizi kama wewe ni volontia

Vijana wenzangu, na nyinyi kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo naomba tuongee kuhusu kazi zetu. Naongelea zile kazi ambazo wengi wetu tunazo sasa hivi huku Arua na Koboko: kufagia na kupiga deki kituo cha afya, kutafsiri kati ya daktari na mgonjwa, kutembea nyumba kwa nyumba kama VHT, kuchoma taka za kituo, kuchimba kaburi, kubeba mgonjwa kwa boda saa nane za usiku. Kwenye makaratasi tunaitwa volontia. Mwisho wa mwezi tunasaini, tunachukua insentivu, tunarudi nyumbani.

Maoni yangu ni haya: mahali popote pa kazi penye magonjwa ya kuambukiza, kukagua hatari lazima kuanze na watu hawa, na kinga lazima iwafikie kama inavyomfikia nesi. Mara nyingi sasa inaanzia juu, kwa wenye vyeo, na inaisha kabla haijatufikia.

Kwa nini niliseme hili huku kwetu? Angalia tunapokaa. Koboko inagusa nchi tatu. Ukifika Salia Musala uko Uganda, Kongo na Sudan Kusini karibu kwa wakati mmoja. Oraba watu wanavuka kila siku. Upande wa Arua kuna Vurra na Odramachaku. Mwisho wa Juni 2019, wakati Ebola iko Kivu Kaskazini na Ituri, mgonjwa mmoja alithibitishwa Ariwara, ng'ambo tu ya mpaka. Ariwara ni sokoni kwetu, si mbali. West Nile yenyewe imewahi kupata tauni, hasa upande wa Zombo na Arua, hadi taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda, UVRI, ikaweka maabara yake Arua. Homa ya uti wa mgongo imepita hapa. Na homa ya ini B iko juu kaskazini mwa nchi hii, ndiyo maana serikali ilianzia huku kuchanja watu wazima mwaka 2015.

Kwa hiyo ugonjwa kuja si jambo la kushangaza. Swali ni nani atakuwa amesimama mlangoni ukifika, na amevaa nini.

Tuangalie jirani zetu Gulu. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia pale, watu 425 waliugua na 224 wakafa hadi ilipokwisha mwaka 2001. Hospitali ya Lacor ilipoteza wafanyakazi zaidi ya kumi. Mmoja wao ni Daktari Matthew Lukwiya, mkuu wa hospitali. Yeye ndiye aliyegundua mapema kwamba huu si ugonjwa wa kawaida, na ndiye aliyepanga wodi ya kuwatenga wagonjwa. Inaelezwa kwamba usiku mmoja alikimbia kumsaidia nesi aliyekuwa anatokwa damu. Alivaa gauni, maski na glavu, lakini hakuwa na kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Daktari aliyeujua ugonjwa kuliko wote pale alikosa kitu kimoja tu. Sasa mfikirie yule mama anayeingia wodini baada ya daktari kutoka, na fagio, beseni na glavu moja iliyotoboka. Nani alimpa mafunzo? Kwa lugha gani?

Msiseme hayo ni ya zamani. Ebola aina ya Sudan ilipotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 142 na waliokufa 55. Kati yao wafanyakazi wa afya walioambukizwa ni 19, na 7 walifariki. Januari 2025 ilitangazwa tena, na mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa nesi wa hospitali ya Mulago. Alikuwa amezunguka sehemu kadhaa akitafuta matibabu kabla ya kufariki.

Na kule Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wale walioambukizwa Ebola kati ya 2014 na 2015. Likaona kwamba mfanyakazi wa afya alikuwa na hatari ya kuambukizwa kati ya mara 21 na 32 kuliko mtu mzima wa kawaida. Sikilizeni vizuri sehemu inayofuata. Katika hesabu hiyo, "mfanyakazi wa afya" si daktari na nesi tu. Waliingizwa pia madereva, wasafishaji, watu wa mazishi na wahudumu wa jamii. Yaani ugonjwa ukishapita tunahesabiwa. Mimi nataka tuhesabiwe kabla.

Tuhesabiwe namna gani? Kwa kuiangalia kazi yenyewe, hatua kwa hatua, badala ya cheo cha mtu. Nachukua mifano mitatu.

Wa kwanza ni msafishaji. Hatari yake kubwa ya kila siku ni sindano iliyotupwa vibaya, hata kuliko Ebola. Mtu asiye na chanjo akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100. Kwa virusi vya UKIMWI ni kama 3 kwa kila 1,000. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi siku saba juu ya kitu kikavu. Hata hivyo kwenye vituo vingi anayechanjwa kwanza ni anayechoma sindano. Anayeokota sindano anasubiri. Mimi naona foleni hiyo imegeuzwa.

Wa pili ni mtafsiri. Huyu karibu hakuna anayemwona. Mgonjwa anaongea Kikakwa, Kilugbara, Kiarabu cha Juba au Kinuer, daktari anaongea Kiingereza. Mtafsiri anakaa katikati, uso kwa uso na mtu anayekohoa, nusu saa, halafu mgonjwa mwingine, siku nzima. Daktari ana maski. Mtafsiri ana daftari. TB inasafiri hewani, haiulizi nani amesomea udaktari.

Wa tatu ni kijana wa boda. Anambeba mgonjwa anayetapika, amemwegemea mgongoni. Akimfikisha, kituo kinampokea mgonjwa, na kijana anaondoka na shati lile lile, anachukua abiria mwingine. Hakuna aliyemwandika jina wala namba ya simu. Kukitokea mlipuko, yeye ndiye atatafutwa wiki mbili.

Ukishaona hivyo, kinga yake inakuja yenyewe. Na hapa nina ugomvi kidogo na mazoea yetu. Sisi tukisikia kinga tunafikiria glavu. Glavu ni za mwisho. Kwanza unajiuliza, hatari hii inaweza kuondolewa kabisa? Mgonjwa anayeweza kumeza kidonge asichomwe sindano, na sindano moja imepungua kwenye taka. Pili, mahali pa kazi panaweza kubadilishwa? Kisanduku cha sindano kiwe pale pale sindano inapotumika, kifungwe kikifika robo tatu. Dirisha lifunguliwe, na mtafsiri akae upande ule upepo unaoingilia, mgonjwa upande unaotokea. Au mazungumzo yafanyike nje chini ya mwembe, bure kabisa. Tatu, utaratibu wa kazi: sindano isirudishiwe kifuniko, chanjo ya homa ya ini B ikamilike dozi zote tatu, mafunzo yatolewe kwa lugha mtu anayoelewa. Baada ya hayo ndiyo glavu nzito, gambuti, aproni na maski. Ukianza na glavu peke yake, siku glavu zikiisha kinga yote imekwisha. Na tangu misaada ikatwe mwaka 2025, sote tunajua vitu vinavyoisha.

Kwa kijana wa boda, kituo kiwe na maji na sabuni mlangoni, kimwandike jina, na kimpe dawa ya kuosha kiti. Jik ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, inatoa nguvu ya asilimia 0.5 inayotosha kuua virusi vingi, Ebola pia. Soma chupa kwanza, kwa sababu nguvu si sawa zote. Futa uchafu kwanza, mwagia, subiri dakika kumi. Tengeneza mpya kila siku, na usiichanganye na dawa nyingine ya choo.

Lakini kuna kinga moja ambayo haimo kwenye mabango yoyote niliyoyaona, nayo ni siku ya kuumwa yenye malipo. Wengi wetu tukikosa siku, insentivu inakatwa. Kwa hiyo mtu ana homa, na bado anaenda kazini. Mtu amechomwa sindano, na anakaa kimya. Namfahamu dada mmoja, kituo chake sitakitaja, alichomwa akifunga mfuko wa taka. Hakusema, kwa sababu mwenzake aliyesema kabla yake aliambiwa hana uangalifu na mkataba wake haukurudiwa. Alikuja kusema siku ya tano. Dawa za PEP zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kumezwa siku 28. Siku ya tano mlango umefungwa. Unaweza kubandika mabango ya kunawa mikono ukuta mzima. Kama kusema ukweli kunamnyima mtu unga wa watoto, mabango hayo hayatafanya kazi.

Sasa najua jibu la kwanza litakalokuja: "Hawa si wafanyakazi, wamejitolea wenyewe." Sheria ya Uganda ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake na pia umma dhidi ya hatari za shughuli zake, kwa gharama yake mwenyewe. Haya, chukua unavyotaka. Kama mimi ni mfanyakazi, nilinde. Kama si mfanyakazi, basi mimi ni umma ndani ya kituo chako, nilinde vile vile. Na sheria ya wakimbizi, ya mwaka 2006 pia, inatupa haki ya kufanya kazi nchi hii. Haikusema kazi isiyo na kinga. Hata Geneva, Juni 2025, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 192, wa kwanza wa kimataifa kuhusu hatari za kibayolojia kazini. Dunia imeshakubali kwamba vijidudu ni jambo la kazi, kama mashine na moto.

Jibu la pili ni "bajeti hakuna". Hili nalikubali nusu. Ni kweli, hela zimepungua, na dada zetu wa mashirika wengine wamepoteza kazi wao wenyewe. Lakini dirisha halina bajeti. Kubadilisha kiti hakuna bajeti. Kumwuliza msafishaji "wapi unaogopa?" ni dakika kumi. Na kile chenye gharama, kama chanjo na glavu nzito, kipewe kwanza aliye karibu zaidi na hatari, si aliye karibu zaidi na ofisi.

Na sisi wenyewe tuna sehemu yetu. Wapo wanaouza gambuti walizopewa. Wapo wanaovua maski kwa sababu ya joto, au kwa sababu majirani watasema "huyu ana ugonjwa". Joto ni kweli, aibu ni kweli, lakini mama yako nyumbani atavuta hewa utakayorudi nayo.

Kabla ya kusaini kazi yoyote kituoni, Rhino Camp, Imvepi, Lobule au mjini, uliza mambo matano: Nitagusa nini? Nimechanjwa homa ya ini B? Nikichomwa sindano namwambia nani, hata usiku na wikendi, na PEP iko wapi? Nikiumwa, malipo yangu yanakuwaje? Nikiambukizwa kazini, nani anagharamia matibabu? Uliza kwa heshima, lakini uliza. Mkiuliza watano pamoja ni vizuri zaidi, maana mmoja ni rahisi kubadilishwa.

Na nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa, ombi langu ni moja. Mwezi huu tembea na msafishaji mmoja kutoka asubuhi hadi jioni, na mtafsiri mmoja siku nyingine. Usibebe fomu. Andika kila mahali mkono wake unapogusa na kila mahali pua yake inapovuta. Ukirudi ofisini, linganisha na ule ukaguzi wa hatari ulioko kwenye faili. Kama havifanani, badilisha faili, halafu muite yule mama asome.