UKUMBI WA MITAMBO: Daftari Lililosema Uwongo

Wahenga walituusia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Safari hii nataka niwasimulieni habari ya daftari ambalo lilikuwepo, likajazwa kila siku, na lenyewe ndilo lililopoteza mali za watu pamoja na heshima zao.

Hapa Uingereza posta nyingi ndogo zimo ndani ya maduka, na mwenye duka huiendesha kwa mkataba. Kuanzia mwaka 1999 Posta iliwafungia watu hao mtambo wa kompyuta uitwao Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Basi mtu akifunga hesabu jioni, kompyuta ikimwambia fedha zimepungua maelfu ya pauni, na hali yeye hakuchukua hata senti. Posta ikamdai azilipe. Wako walioteketeza akiba, wako waliokopa kwa jamaa. Wengi walishitakiwa kwa wizi au kwa kughushi hesabu, na mara nyingi Posta yenyewe ndiyo iliyokuwa mdai, mpelelezi na mwendesha mashitaka. Baina ya mwaka 1999 na 2015 waliotiwa hatiani walizidi 900.

Bwana Lee Castleton wa Bridlington alipiga simu 91 kuomba msaada juu ya hesabu zisizolingana. Mwaka 2007 akashindwa kesi, akabebeshwa gharama za pauni 321,000, akafilisika. Bibi Seema Misra wa West Byfleet alifungwa Novemba 2010 akiwa mja mzito.

Jee, mahkama ziliaminije? Sheria ya mwaka 1984 ilimtaka mwenye kuleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kuwa ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sheria ya mwaka 1999 ikalifuta sharti hilo, ikawa kompyuta husadikiwa mpaka mshitakiwa aonyeshe sababu ya kuitilia shaka. Naye muuza duka ataionaje kasoro, ikiwa siri ya mtambo imo mikononi mwa anayemshitaki?

Lakini lililoniuma mimi zaidi ni jambo jingine. Wengi wao walipouliza waliambiwa: ni wewe peke yako. Kwa haya wakanyamaza, hata kwa majirani. Mei 2009 gazeti la Computer Weekly likaandika visa vya watu 7. Novemba mwaka huo Bwana Alan Bates, aliyepokonywa posta yake Llandudno, akakutana na wenziwe katika ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton, na kila mmoja akasikia kisa chake kinywani mwa mwengine. Hatimaye watu 555 wakaishitaki Posta, na Desemba 2019 Jaji Fraser akaamua kuwa Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu ule. Aprili 2021 Mahkama ya Rufaa ikafuta hatia za watu 39. Januari 2024 mchezo wa televisheni ukaiamsha nchi nzima, na Mei mwaka huo Bunge likafuta mamia kwa sheria moja. Haki ilichelewa mno: ripoti ya uchunguzi ya Julai 2025 ilisema huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mambo haya.

Sisemi kompyuta itupwe. Wapo vijana wetu wanaokula kwa kazi ya kutengeneza programu. Hao nawausia: mtambo wako ukimhesabia mtu deni, mwachie njia ya kuuhoji, na ukijua una kasoro, sema kabla hajafungwa mtu. Nanyi wenye maduka, wekeni risiti na daftari la mkono, wala msikubali kutia saini hesabu msiyoielewa.

Na sote kwa jumla: ikikufikia barua ya kukudai au kukutuhumu kwa jambo usilolitenda, usiifiche chini ya godoro kwa kuogopa maneno ya watu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie mkubwa wako, mpigie simu ami au shangazi, hata awe Muscat. Pengine na yeye anayo barua kama hiyo, naye anadhani ni yeye peke yake.

Panapo majaaliwa, tutaonana mwakani.