Bastola Imekwama? Weka Nyundo Chini, Khotsa

Wasee, majuzi nilikataa kurekodi video ambayo ingenipatia watazamaji kuliko zote nilizowahi kuweka hapa. Sijuti. Someni kwanza, halafu mnitukane kwenye komenti kama kawaida yenu.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Khotsa wangu, kaka ya mamangu, ni mfanyabiashara hapa Kakamega na ana bastola ya leseni, Ceska, kama zile mnasikia kwenye habari kila siku. Akanipigia simu: "Mwiwana, wewe si mtu wa YouTube? Njoo huku Amalemba uone hii kitu imekataa." Nikadhani ni televisheni.

Nikamkuta kwenye meza ya kulia chakula. Gazeti limetandazwa, kitambaa kimejaa mafuta meusi, kuna mswaki mzee na mkebe wa grisi ya cheni ya nduthi. Katikati ya hayo yote, bastola. Alikuwa ameifungua kuisafisha akifuata video ya dakika nne, akairudisha, na sasa slaidi, ile sehemu ya chuma ya juu unayoivuta nyuma, ilikuwa imekwama katikati ya safari. Mbele haiendi, nyuma hairudi. Binamu yangu wa miaka tisa alikuwa kwenye kiti cha pili na kikombe cha uji, anaangalia kama sinema.

Nikauliza, "Khotsa, iko na risasi?"

Akanyamaza. Manze, huko kunyamaza ndiko kumenifanya niandike hii.

Kumbe baada ya kuirudisha, aliingiza magazini yenye risasi ati aijaribu. Akavuta slaidi, akaiachilia, ikashika njiani. Magazini alikuwa ameshaitoa, lakini kama risasi moja ilikuwa imeshapanda kuelekea kwenye chemba, hakujua. Pa kuchungulia palikuwa ufa mwembamba uliojaa grisi nyeusi. Mdomo wa bastola ulikuwa umeelekea ukuta wa chumba cha wasichana. Na pembeni ya sahani, nyundo. Ile ya kugongea misumari.

Sasa acheni niwaulize nyinyi mnaojua kila kitu. Nilipoweka swali hapa jioni ile, bila kutaja jina la mtu, komenti tano za kwanza zilisema nini? "Gonga kidogo." "Weka mafuta mengi." "Ivute na nguvu buda, hiyo ni chuma." Mwingine akasema aipeleke kwa fundi wa baiskeli. Na wawili waliniuliza mbona sijarekodi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kuna watoto kwenye nyumba.

Hebu tuongee kuhusu hiyo chuma basi. Ceska CZ 75 ilibuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, huko Czechoslovakia, na slaidi yake inateleza kwenye reli zilizo ndani ya fremu. Bastola nyingi ziko kinyume, slaidi inafunika fremu kwa nje. Maana yake ni kwamba kwa Ceska una sehemu ndogo ya kushika, na ukiwa na vidole vya grisi unateleza, ukiteleza unakasirika, ukikasirika unatafuta nyundo. Kingine, slaidi ikirudi nyuma, mtutu nao hushuka kidogo. Chini ya mtutu ndiko kuna springi na kijiti chake, na pini inayopita kwenye tundu kushikilia kila kitu pamoja. Kijiti kikikaa upande, unaweza kuifunga bastola ikaonekana iko sawa kabisa, ukaipangusa, hata ukaipiga picha. Slaidi ikianza kusafiri ndipo kinabana. Ongeza grisi ya cheni, ambayo ni nzito na inashika uchafu, na umejitengenezea shida mbili kwa siku moja.

Kwa hivyo slaidi ikikataa kusonga, kuna kitu kimekaa mahali si pake. Nguvu haikirudishi, inakibana zaidi. Na ukiigonga kwenda mbele ikiwa na risasi mdomoni mwa chemba, unaimalizia safari yake kwa nyundo, mezani, karibu na uji wa mtoto.

Kuna kitu kingine wengi hamjui, na nilikuwa karibu kukosea pia. Khotsa alinisukumia ile bastola: "Shika, jaribu wewe uko na mikono ya ujana." Mimi sina cheti cha kumiliki silaha. Sheria yetu, Firearms Act, sura ya 114, inasema kuwa na silaha bila cheti ni kosa. Haijalishi ni ya mjomba wako, haijalishi unamsaidia. Na kazi ya kutengeneza bunduki kwa malipo ni ya wauzaji waliosajiliwa, kwa hivyo yule fundi wa baiskeli mnayempendekeza mnamtafutia jela. Nikaweka mikono nyuma kama mtu anasalimia askofu. Khotsa aliona ni madharau. Kwetu mjomba akikwambia shika, unashika. Ilikuwa ngumu, siwadanganyi.

Najua mtasema nini. "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, leo unatuhubiria kuhusu vyeti?" Ndiyo, niliacha. Kuediti video nilijifunza YouTube, na kodi ya chumba changu pale Lurambi inalipwa na huo ujuzi. Lakini nikiharibu video nabonyeza kitufe kimoja inarudi vile ilikuwa. Tena yule jamaa wa kwenye video ya dakika nne alikuwa anaonyesha bastola nyingine kabisa! Khotsa hakuona, kwa sababu zote nyeusi na zote zina slaidi.

Hasira yangu kubwa si kwa video, ni kwa hawa wazee wetu wenye leseni. Kenya tukiongea bunduki, tunaongea za magendo. 2016 serikali ilichoma silaha 5,250 pale Ngong, tukapiga makofi. Mwisho wa 2018 waziri Fred Matiang'i akaagiza wenye leseni wahakikiwe upya, na tukaongea kuhusu wanasiasa na walinzi wao. Hii ya halali iliyolala kwenye droo ya chumba cha kulala, nani anaiongelea? Nilimuuliza khotsa mara ya mwisho kufyatua kwenye uwanja wa shabaha ni lini. Akaanza kuhesabu miaka kwa vidole. Mtu anabeba hiyo kitu kiunoni matangani, harusini, mpaka kwenye mechi Bukhungu, na hajui kijiti cha springi kinakaa wapi.

Mimi nataka hivi: kila mara leseni inapofanywa upya, mwenye bastola akae mbele ya mtu anayejua, aifungue yake, aisafishe, airudishe, aijaribu ikiwa tupu. Akishindwa, ibaki hapo hadi ajifunze. Dereva wa matatu tunamdai zaidi ya hapo.

Siku ile mtoto tulimtoa kwanza, na wasichana wakatoka chumbani mwao. Khotsa, akinung'unika, akaigeuza ile bastola ikaelekea ukuta wa nje upande wa shamba, akitoa kidole mbali na triga, akaiacha hapo. Akapigia simu pale aliponunulia, akaambiwa asiiguse tena. Sebule ikafungwa kwa ufunguo. Tulikula ugali jikoni, tumebanana, hakuna anayeongea.

Fundi wao alifika Jumatatu na basi la asubuhi. Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu saa. Kijiti kilikuwa kimekaa upande. Na risasi ilikuwemo, imeinama mdomoni mwa chemba, nyundo ya bastola yenyewe ikiwa imeshavutwa nyuma. Fundi aliitoa akaiweka kwenye lile gazeti, mbele ya khotsa, bila kusema kitu.

Khotsa bado hajaongea na mimi vizuri. Lakini mamangu ananiambia amenunua sefu.