Viwango vya Mabondia Viwekwe Hadharani

Mchezo wa ngumi, uliopigwa marufuku hapa Visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964, uliruhusiwa tena mwaka 2022. Vijana wa Unguja na Pemba sasa wanaweza kupanda ulingoni nyumbani kwao. Hilo ni jambo jema. Lakini penye ulingo hapakosi orodha ya viwango, na penye orodha hapakosi manung'uniko. Tunaona inafaa suala hili litazamwe mapema, kabla kidonda hakijawa donda ndugu.

Ngumi ni mchezo wa mizani. Bondia wa uzito wa fly hapaswi kuzidi kilo 50.8, uzito wa juu huanza pale kilo 90.7 zinapopitwa. Baina ya hao yamo madaraja mengi, hata jumla yake katika ngumi za kulipwa hufika 17 au zaidi. Madaraja hayo yaliwekwa kwa ajili ya haki, ili mwenye mwili mdogo asikutanishwe na pandikizi la mtu.

Kwa hivyo, kuulizana nani bora kuliko wote bila ya kujali uzito ni mazungumzo ya barazani. Sifa hiyo ya ubora wa "kilo kwa kilo" ilivuma sana kwa ajili ya Sugar Ray Robinson wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa uzito wa welter na kisha wa uzito wa kati. Hata hivyo, Juni 1952 mjini New York, alipopanda uzito kumkabili Joey Maxim, aliongoza kwa pointi lakini joto likamwishia nguvu, asiweze kuinuka kwa raundi ya 14. Orodha ya kilo kwa kilo ni rai tu. Isifanywe msingi wa kugawia tuzo wala nafasi.

Viwango ndani ya daraja moja ni jambo jingine kabisa. Hapo namba ni riziki. Aliye juu huitwa kugombea mkanda na malipo yake hupanda. Aliye chini husubiri, na umri haumsubiri. Ndiyo maana namba hizo zimewahi kugeuzwa bidhaa. Mwaka 1977 mashindano makubwa ya televisheni huko Marekani yalisimamishwa baada ya kugundulika kwamba rekodi za baadhi ya mabondia katika kitabu cha jarida la The Ring zilitiwa mapambano ambayo hayakupiganwa. Mwaka 2000 Robert Lee, aliyekuwa rais wa shirikisho la IBF, alitiwa hatiani kwa utakatishaji wa fedha na ukwepaji wa kodi, katika kesi iliyotokana na tuhuma za mapromota kutoa fedha ili mabondia wao wapandishwe viwango. Na mwaka 2001 ilibainika kwamba shirika la WBO lilikuwa likimpandisha Darrin Morris katika orodha yake, hali ya kuwa bondia huyo alifariki Oktoba 2000.

Wapo watakaosema kazi hii ipewe kompyuta, kwani haina jamaa wala rafiki. Tunakubali kwamba kompyuta ina faida yake. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alimshinda Sam Eggington mjini Birmingham katika raundi ya pili, na orodha ya BoxRec ikampandisha mara moja hadi miongoni mwa 20 bora wa uzito wake. Lakini kompyuta hujua tu umepigana na nani. Anayeamua upigane na nani ni promota. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika ngumi, kijana hodari asiye na promota hajiuzi, bali husahauliwa.

Kwa hiyo tunawashauri wote waliokabidhiwa dhamana ya mchezo huu hapa Visiwani. Kwanza, kanuni za kupanga viwango zichapishwe kwa Kiswahili na kubandikwa katika kila klabu. Pili, bondia anapopandishwa au kushushwa, sababu itajwe pamoja na tarehe ya pambano. Tatu, anayepanga viwango asiwe promota, meneja wala mlipwaji wa yeyote kati yao. Nne, bondia awe na haki ya kulalamika kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi, na wa Pemba asihitaji kupanda boti kuja Unguja ili asikilizwe.

Hayo hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji uaminifu. Siku ya kupima uzito, kila mtu huruhusiwa kuutazama mshale wa mizani. Orodha ya viwango nayo iwe hivyo hivyo.