Sheria ni bure mtandaoni, sasa ifike Eastlands

Mpangaji wa Kayole akirudi jioni akakuta kufuli geni mlangoni, hukimbilia kwa chifu. Chifu akishindwa, jirani humwelekeza kwa mtu anayeitwa wakili, na pesa huanza kutoka. Ni wachache wanaojua kwamba sheria inayowahusu iko ndani ya simu waliyoshika, na kuisoma hakulipishwi chochote isipokuwa bando.

Tovuti ya Kenya Law huendeshwa na baraza la taifa la kuchapisha hukumu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Humo mna Katiba, sheria zilizopitishwa na Bunge, Gazeti Rasmi la Serikali na hukumu za mahakama, kuanzia Mahakama ya Juu. Kwa mawakili wa upande wetu, hili limebadilisha kazi. Zamani aliyekuwa na kabati la vitabu vya hukumu ndiye aliyekuwa na nguvu, na makabati hayo yalikuwa mjini. Leo wakili kijana mwenye chumba kimoja juu ya duka la dawa Umoja anasoma uamuzi uleule wa Mahakama ya Rufaa anaosomewa tajiri Upper Hill. Mteja wake hana sababu ya kupata utetezi hafifu kwa kuwa tu anakaa Eastlands.

Lakini wakili huyo asitafute njia ya mkato. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka kortini kesi zilizotungwa na programu ya ChatGPT, kesi ambazo hazijawahi kuwepo. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000 wao na kampuni yao. Kila kesi unayotaja mbele ya hakimu wa Makadara, ifungue kwanza Kenya Law uisome mwenyewe.

Mwananchi naye ana kazi yake. Kabla ya kumlipa wakili, mtafute katika tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK. Oktoba 2023 tawi la Nairobi la chama hicho lilitangaza kwamba mtu mmoja alikuwa akijifanya wakili, na kwamba alikuwa ameingilia mfumo wa chama na kutumia akaunti ya wakili halisi mwenye jina linalofanana na lake. Kwa hivyo jina pekee lisikutosheleze. Omba namba ya uwakili, ulinganishe, na uangalie kama leseni ni ya mwaka huu, maana huisha kila Desemba 31. Wakili wa kweli hatakasirika ukimuuliza.

Kuna kesi nyingine zisizohitaji wakili kabisa. Fundi wa Kariobangi Light Industries aliyetengeneza mageti akanyimwa pesa yake anaweza kwenda mwenyewe katika Mahakama ya Madai Madogo, ikiwa deni halizidi shilingi milioni 1. Mahakama hiyo ilianza kazi Milimani Aprili 2021, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Mafundi wangapi wa jua kali wamewahi kuambiwa hivyo?

Hapa ndipo tunapowalaumu wakubwa. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Katiba yenyewe imetafsiriwa. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, anayoihitaji kila mlinzi na kila mfanyakazi wa viwanda vya Industrial Area, imeandikwa kwa Kiingereza cha korti. Hukumu ni hivyo hivyo. Mfumo wa kuwasilisha kesi mtandaoni, ulioanza Nairobi Julai 2020 na kupanuliwa nchi nzima Machi 2024, unamtaka mtu ajue kompyuta na ajue Kiingereza. Asiyejua huenda saiba, akamlipa kijana wa hapo amjazie fomu, na kijana mwenyewe anabahatisha. Fomu ikikosewa, siku ya kusikizwa inapotea, na mama wa mboga amefunga kibanda bure.

Idara ya Mahakama na Kenya Law waandike muhtasari wa Kiswahili chepesi wa sheria ambazo watu wa mitaa hukutana nazo kila siku: kodi ya nyumba, ajira, madai madogo, haki za aliyekamatwa, urithi. Kurasa mbili mbili tu zinatosha, mradi zisomeke kwenye simu ndogo.

Kaunti nayo ina maktaba Kaloleni na Makadara, majengo yaliyofufuliwa na shirika la Book Bunk. Wekeni humo meza moja yenye kompyuta, na LSK ilete mawakili wake kwa zamu kila Jumamosi asubuhi. Wiki moja ya ushauri wa bure ambayo chama hicho hutoa kwa mwaka haiwatoshi watu wa Dandora, Mathare na Buruburu.

Nawe msomaji, kama umepewa barua ya kufutwa kazi au notisi ya kuhama, usitie sahihi leo. Ingia Kenya Law, ama umpe mtoto wako anayejua akutafutie, usome kifungu kinachokuhusu kwanza.