Fedha za Madarasa

Twauliza: fedha za madarasa zalindwa na nani? Huko California, Marekani, tangu 1986 halmashauri za shule zaweza kumtoza ajengaye nyumba mpya ada ya kujengea madarasa. Mwanzo ilikuwa dola 1.50 kwa kila futi ya mraba. Sheria yakataza ada hiyo isiliwe na matengenezo ya kawaida, na hesabu sharti itangazwe kila mwaka. Vema. Lakini mwananchi akishuku kwamba ada imezidi mahitaji, akataka mkaguzi, yeye ndiye atangulize gharama, ila halmashauri ikiwa imekaa miaka mitatu mfululizo bila kutangaza hesabu. Miaka mitatu! Mtoto aliyeingia darasa la kwanza amekwisha fika la nne, labda angali katika banda la muda. Sisi twasema halmashauri inyamazayo ibebe gharama hiyo tangu mwaka wa kwanza.