Mambo ya Nyumbani: Kinywaji cha Moto kwa Sikukuu za Desemba

Mwezi wa Desemba ni mwezi wa wageni. Huko Ulaya sikukuu ya Krismasi huangukia majira ya baridi, na tangu zamani watu wa huko wamezoea kuwapa wageni vinywaji vya moto vilivyotiwa matunda na viungo. Naivasha haina theluji, na jua lake la mchana ni kali. Lakini mji huo uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku ukiingia kila mtu hutafuta blanketi lake. Basi kinywaji hicho chafaa huko pia, na hakina ulevi ndani yake; wazee na watoto waweza kukinywa pamoja.

Kwa watu kumi na wawili yatosha machungwa 6, malimau 2, pasheni 10, nanasi dogo 1, tangawizi mbichi kadiri ya kidole gumba, karafuu 8, iliki 6, vijiti 2 vya mdalasini, sukari nusu kikombe na maji lita 2.

Kwanza matunda yakamuliwe na kuchujwa. Kisha mpishi aponde tangawizi na iliki, ateleke maji pamoja na viungo vyote, na kuyaacha yachemke polepole kwa dakika 15. Asifanye haraka, kwa maana mahali palipoinuka kama Naivasha maji huchemka yafikapo joto la digrii 94 hivi, wala si 100 kama Mombasa, na viungo huchelewa kutoa ladha. Baadaye atie sukari, aepue sufuria, ndipo amimine maji ya matunda. Yakichemshwa mno, matunda hupoteza harufu yake nzuri na vitamini C pia. Sufuria iwe ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki isitumiwe kamwe, kwa kuwa ukali wa malimau huyeyusha zinki, na wanywaji waweza kushikwa na kichefuchefu na kutapika.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni maji yenyewe. Bonde la Ufa limejaa mawe yaliyotoka katika volkeno, na visima vingi virefu vya Naivasha na Nakuru hutoa maji yenye floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja, na visima vingi vya huko hupita kipimo hicho. Floraidi haionekani, haina harufu, wala haionjeki ulimini. Mtoto anywaye maji hayo kabla hajatimiza miaka minane, meno yake ya ukubwani huota yakiwa na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Mtu akiyanywa miaka mingi, hata mifupa na viungo vya mwili hukakamaa.

Watu wengi hudhani kwamba maji yakichemshwa huwa salama kwa kila jambo. Sivyo. Moto huua vijidudu vya maradhi, lakini hauondoi floraidi. Mvuke hutoka, maji hupungua, na floraidi iliyobaki huzidi ukali. Kadhalika majani ya chai yana floraidi yake, kwa hiyo ni afadhali yasitiwe katika kinywaji hiki.

Dawa iliyo karibu ni mvua. Mvua za vuli hunyesha hadi Desemba, na maji ya paa safi la mabati karibu hayana floraidi kabisa. Maji ya kwanza yaachwe yamwagike yaoshe vumbi na mavi ya ndege. Yafuatayo yakingwe katika pipa safi lenye kifuniko, mbu wasizalie humo, kisha yachemshwe kabla ya kunywewa. Asiye na pipa kubwa na aweke japo madebe mawili kwa ajili ya kinywa cha watoto, na maji ya kisima yafulie nguo.

Nguo mpya ya Krismasi ikichakaa hununuliwa nyingine. Meno ya ukubwani huota mara moja tu.